Mstari wa Nne

Mstari wa nne wa fomu unauliza:
Mwombaji anaomba HIFADHI kwa sababu zipi?
Vitone vinatosha maneno matano, sita ukibana mkono.
Mimi karani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
mwenye muhuri na kiti cha miguu mitatu na tofali,
ndimi niliyepewa kazi ya kulifungua neno hilo
mbele ya Bi Mkomwa Mberwa,
aliyevuka mipaka miwili na mjukuu na sufuria.

Nikamwambia, bibi, hifadhi.
Akakunja uso. Tulipopita Mkomazi, akasema,
dereva alitusomea kibao:
Hifadhi. Usishuke garini. Usiwalishe wanyama.
Ndiyo hiyo?
Nikasema hapana, ile ni ya swala na tembo.
Na swala naye alijaza karatasi?

Nikaandika tarehe, nipate pa kutazama.

Neno lenyewe nalijua tangu utotoni,
nalijua kuliko ninavyotaka.
Kaka yangu Shekue alihifadhi juzuu thelathini
kabla ndevu hazijamwota;
mama akapika halua, majirani wakaleta kanzu.
Mwaka wa pili yake akaanza kuongea na ukuta,
kisha ukuta ukaanza kumjibu.
Tukampandisha mlimani, juu ya Korogwe,
kwenye nyumba ya wenye maradhi ya akili,
na baba aliporudi, matope hadi magotini,
wapangaji wakamuuliza, Shekue yuko wapi?
Akajibu, tumempeleka akahifadhiwe.
Kwa sauti ile ile aliyokuwa akijivunia: amehifadhi.
Kiambishi tu kimebadilika. Na mtu.

Nilipokwenda kumtazama hakulijua jina langu,
ila nilipoanza aya akaimaliza,
hakukosa hata irabu.
Nani alikuwa amemhifadhi nani, mle ndani?

Hata chupa ya dawa yake iliandikwa:
hifadhi mahali pakavu, mbali na watoto.
Na Bombo, alfajiri ile ya mvua,
mlango tulioonyeshwa ulikuwa na maandishi
Chumba cha Kuhifadhia,
na neno la mwisho limebanduka rangi.
Hatukuhitaji kulisoma.

Haya yote sikumwambia Bi Mkomwa.
Nilimwambia: ni mahali ambapo wanaokufukuza
hawaruhusiwi kuingia.
Akafikiri. Akasema:
Babu wa babu yangu alitolewa huku, Handeni,
shingo ndani ya mti. Hakuulizwa sababu zipi.
Mimi narudi na shingo tupu,
naulizwa.
Kule tuliilinda lugha yetu miaka mia na zaidi,
tukaificha kwa watoto kama mbegu kwenye pindo,
na lugha hiyo haina neno lako.
Andika: kaya.

Nikamweleza kwamba kaya tunayo, mstari wa saba:
Kaya ina watu wangapi?
Wawili, akasema. Na sufuria.

Mjukuu alikuwa amelala kwenye benchi,
mdomo wazi, ganda la chungwa la Muheza mkononi,
kiatu kimoja kimeanguka.
Nikanyoosha mkono nimwamshe apigwe picha.
Bibi akanizuia kwa kidole kimoja.
Acha, akasema. Tangu Jamame hajalala hivyo.

Mstari wa nne nikaandika neno moja.
Jumatatu faili limerudi kutoka kwa mkubwa wangu,
wino mwekundu pembeni:
Haieleweki. Rudia.

Nimerudia.
Herufi zile zile nne, kubwa zaidi,
hadi zimetoka nje ya vitone.